Chupa Namba Saba

Katika miaka yote niliyopima maji, hapa nyumbani na kule ughaibuni, nimekosea mara moja. Nalisema hilo bila aibu, kwa sababu wenzangu wengi wa fani hii hawajui hata wamekosea mara ngapi. Mimi ninajua kitongoji, ninajua nyumba, na ninajua namba ya chupa.

Nijieleze kidogo. Nimezaliwa Akheri, upande wa Mlima Meru unaopata mvua, kwenye shamba la kahawa na migomba ambalo wazee walipoligawa kwa watoto wao wa kiume, fungu langu lilitosha kaburi moja na mgomba mmoja. Niliondoka nchini na cheti cha kidato cha nne na koti la kuazima. Kule nilikokwenda niliosha vyombo vya maabara miaka mitatu kabla mtu yeyote hajaniuliza kama ninajua vinatumika kwa kazi gani. Mwishowe niliuliza mwenyewe. Nikasoma jioni baada ya kazi, kwa lugha niliyoanza kujifunza kwenye maboksi ya sabuni, mpaka nikapata diploma ya maabara ya maji. Hakuna ndugu, usharika wala serikali iliyonilipia hata daftari. Leo diploma hiyo iko ukutani sebuleni kwangu Kijenge, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, na mgeni akikaa kwenye kochi kubwa anaiona bila kugeuza shingo. Nilipima kabla ya kupigilia msumari.

Niliporudi, kulikuwa na utafiti unaanza kuzunguka Mlima Meru, nao walihitaji mtu wa kupima maji. Waliita wanne kwenye usaili. Watatu walikuwa na shahada. Tuliwekewa mashine mezani, ikiwa imeharibiwa makusudi, tukaambiwa tuitumie. Wenye shahada waliitumia. Mimi niliitengeneza kwanza. Nikaajiriwa siku hiyohiyo, kwa cheo cha fundi sanifu.

Utafiti ulihusu floraidi. Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa sana juu ya madini hayo. Mwenzake akicheka, anajua amekulia maji gani. Mlima wetu ulitapika moto zamani, na maji yanayopita katika miamba yake hubeba floraidi, chemchemi nyingine kidogo, nyingine nyingi mno, hata kama zimeachana hatua mia mbili. Mtoto akiyanywa yale mabaya tangu mdogo, meno yake ya ukubwani hutoka na madoa ya kahawia, na maji yakiwa mabaya zaidi hata mifupa ya miguu hupinda. Mimi mwenyewe madoa ninayo, kiasi. Kule nje daktari mmoja aliniambia anaweza kuyafunika kwa bei ambayo ningeimudu. Nilikataa. Sikuona sababu ya kujificha.

Uzito wa kazi yetu ulikuwa huu. Juu msituni, upande wa kaskazini, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu kutoka nyumba ya mwisho, kuna chemchemi ya maji mazuri sana. Ofisi inayosimamia maji ya bonde ilikuwa inaandaa mpango wa mlima mzima: wapi pasikatwe mti, wapi ng'ombe wasipite, na bomba kutoka chemchemi ile lishuke kwenda kwa nani. Chemchemi haikuwa kubwa na vitongoji vilikuwa vingi. Kwa hiyo walitaka ramani yenye rangi tatu. Nyekundu ni kitongoji chenye maji mabaya, kinachopata bomba kwanza. Njano kinasubiri. Kijani hakihitaji kitu. Watu wa ofisini, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga kule juu, wangeamua kwa rangi, na rangi zilitoka kwenye chupa zangu.

Kiongozi wetu alikuwa profesa, mama mtulivu kutoka Kanda ya Ziwa, asiyepandisha sauti hata gari likinasa kwenye tope. Aliniita "fundi" tu, lile neno la pili akiliacha. Nilimsahihisha mara mbili, kisha nikaachana nalo.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "wenzetu waliotangulia walipima visima. Lakini mtu hanywi kisima. Mtu anakunywa kikombe. Sisi tutapima kikombe."

Lilikuwa wazo zuri, na bado ninasema lilikuwa zuri. Tungeingia nyumba kwa nyumba, tuombe maji ambayo familia inakunywa kila siku, tuyatie kwenye chupa ya plastiki yenye namba, tuondoke. Nilizisafisha chupa hizo mwenyewe. Sikumruhusu mtu mwingine kuzigusa.

Kitongoji ninachokisema kiko Oldonyo Sambu, juu ya barabara kuu, mahali ambapo upepo unabeba vumbi tangu asubuhi na mahindi hukauka yakiwa bado mafupi. Waarusha wa pale wanalima na kufuga. Mwenyekiti wa kitongoji alipewa taarifa kwa simu siku mbili kabla, kama utaratibu unavyotaka, naye akatupokea kwenye njia panda akiwa amevaa koti la suti juu ya shuka.

"Mtaalamu, wewe ni Mmeru," aliniambia baada ya kunisikia nikisema maneno matano tu. "Nyie kule mnakunywa mto, sisi huku tunakunywa vumbi."

"Ndiyo maana tumekuja kulipima hilo vumbi," nikamjibu.

Alicheka sana, na kwenye mlango wa kila nyumba akayasimulia maneno hayo upya.

Tulichukua nyumba tisa. Kila nyumba ilikuwa imefagiliwa, na kila nyumba tuliwekewa chai ya maziwa kabla hatujafungua midomo. Niliuliza swali letu kama lilivyoandikwa, taratibu, na mwenyekiti akalirudia kwa Kimaasai ili pasiwe na mtu asiyeelewa: maji ambayo familia inakunywa kila siku. Kila mama alielewa. Kila mama aliingia ndani, akafunua ndoo yenye mfuniko nyuma ya mlango, akachota kwa kikombe kilichosuguliwa mpaka kinang'aa. Maji yalikuwa meupe. Nilifurahia jinsi kazi ilivyokwenda bila matatizo.

Nyumba ya saba ilikuwa tofauti. Ilikuwa ya mama kijana, mumewe mlinzi mjini, anayerudi mwisho wa mwezi. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na binti mkubwa wa miaka kama minane amesimama karibu na jiko. Hakukuwa na ndoo nyuma ya mlango. Alichota kutoka kwenye dumu la njano lililokuwa kando ya mafiga, akanipa kwa mikono miwili.

"Samahani, kaka," alisema. "Ndiyo niliyonayo."

Nilidhani anaomba radhi kwa ajili ya kikombe, ambacho kilikuwa kimepondeka. Nikajaza chupa.

"Bomba litafika lini?" aliuliza.

"Inategemea hizi chupa."

"Basi zibebe vizuri." Alimgeukia yule binti, akamwambia afungue mdomo. Binti alifungua. Meno ya mbele yalikuwa na mistari ya kahawia, mengine yamemeguka, na miguu yake, nilipoitazama, ilikuwa imepinda kuelekea nje. "Huyu nilichelewa," mama yake alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "Lakini huyu wa mgongoni ameanza uji mwezi huu. Huyu bado."

Nilimwambia amefikiri vizuri, kwa sababu ndivyo sayansi inavyosema: miaka ile ya mwanzo ndiyo inayoamua. Nikamwambia pia kwamba kazi iko mikononi mwa mtu anayeijua. Nilikuwa ninajisema mimi.

Maabara ilitoa majibu baada ya siku tatu. Chupa nane zilikuwa na floraidi kidogo sana, na zote zilikaribiana kama ndugu wa tumbo moja. Chupa namba saba ilikuwa mbaya, mara nyingi zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Profesa alizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Kisha alifungua faili la chemchemi ya msituni na kuyaweka majibu yake kando ya yale ya kitongoji. Yalifanana. Si floraidi tu. Chumvi, ugumu wa maji, kila kitu.

"Unaona hii?" alisema. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona amechangamka. "Maji ya chemchemi yanapita chini kwa chini yanatokea kule. Kitongoji kimekalia maji mazuri bila kujua."

"Na vipimo vya zamani vya kisima chao?" niliuliza. Vilikuwa vibaya, tulikuwa navyo kwenye faili.

"Mashine za zamani." Kisha akauliza, "Na hii ya saba?"

Hapo ndipo nilipokosea, na sitaki kumsingizia mtu. Profesa hakunilazimisha. Aliniuliza tu, na mimi nikatafuta sababu. Nilikumbuka kwamba dumu la yule mama lilikuwa kando ya jiko, na kwamba wanawake wa kule hutia magadi kwenye maharage ili yaive upesi. Magadi yana floraidi nyingi. Kikombe kilichochota magadi asubuhi kingeweza kuharibu sampuli mchana. Ilikuwa sababu ya mtu aliyesoma. Niliandika kwenye fomu: inashukiwa kuchanganyika na magadi, iondolewe. Nikaweka saini. Sikurudi kumuuliza kama siku ile alipika maharage.

Kitongoji kikawa kijani.

Ramani ilipochapwa ilikuwa ya kupendeza. Nimeona ramani nyingi kule nje na hiyo haikuwa nyuma ya yoyote. Iliwekwa ukutani ofisini kwa wale wa bonde, na niligundua jambo ambalo sikufundishwa darasani: ramani ikishachapwa, watu huacha kuutazama mlima na kuanza kuitazama ramani. Mhandisi mmoja alichora bomba kwa penseli kutoka msituni kwenda chini. Alipofika kwenye ile alama ya kijani, alilipitisha pembeni, bila kusita.

Kabla ya mpango kupitishwa, utaratibu wa utafiti ulitutaka turudi kwa wananchi kuwapa majibu. Profesa alikuwa na mafua, akanituma mimi. Tulikutana Jumamosi katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nilibandika ramani ubaoni. Nilivaa koti langu la kijivu. Nikawatangazia kwamba nina habari njema, maji yao ni salama, na kwamba wana bahati kuliko majirani zao wote.

Hakuna aliyepiga makofi.

Bibi mmoja aliyekaa dawati la mbele, ambaye wote walimwita koko, kama Waarusha wanavyomwita bibi, alivaa miwani yake, akaitazama ramani, akaivua.

"Mwanangu," alisema, "soma tena."

Nikasoma tena.

"Maji yetu ni mazuri."

"Ndiyo, koko."

"Basi haya tumeyapata wapi?" Akafunua midomo. Nyuma yake darasa zima lilicheka, na kila aliyecheka alinionyesha jibu langu limekosewa kiasi gani. Sijawahi kuona meno ya kahawia mengi hivyo kwa wakati mmoja.

"Labda maji yamebadilika," nilisema. "Kipimo hakidanganyi."

"Kipimo hakidanganyi," koko alirudia, akiwatazama wenzake. Wanawake waliinamisha vichwa. Mwenyekiti alianza kusugua kiatu chake sakafuni. Nilihisi kuna jambo ambalo watu wote darasani mle walilijua isipokuwa mimi, na hiyo si hali niliyoizoea. Mwenyekiti alifunga kikao kwa sala, ndefu kuliko ilivyohitajika.

Nilikuwa ninakunja ramani kwenye boneti ya gari yule mama kijana alipokuja, mtoto mgongoni.

"Kaka, ile siku ulikunywa chai kwa watu?"

"Nilikunywa. Nyumba zote."

"Kwangu ulikunywa?"

Nilifikiri. "Hukuniwekea chai."

"Sikukuwekea kwa sababu sikuwa na maji ya mgeni." Alisubiri nielewe. Sikuelewa. Akaendelea, polepole, kama mimi nilivyosoma lile swali langu: "Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, wenye punda wanapanda msituni, kule chemchemi. Wanaondoka alfajiri, wanarudi jua likizama. Kila punda madumu manne. Maji yale ni ya mgeni. Ya mchungaji akija, ya wakwe, ya mtu wa serikali. Sisi wenyewe hatuyagusi. Mimi sina punda. Nilikupa ya kisimani, ndiyo tunayokunywa sote."

Nilisimama pale na ramani mkononi. Profesa alikuwa sahihi kabisa: maji ya nyumba zile yalikuwa ya chemchemi ya msituni. Hayakupita chini kwa chini. Yalipita mgongoni kwa punda.

Koko alikuwa amefika nyuma yake, amesikia. Nilimgeukia yeye, nikiwa na hasira kidogo. "Koko, shikamoo tena. Niliuliza maji ya kila siku. Mwenyekiti alitafsiri. Kwa nini mlinipa mengine?"

"Marahaba. Wewe ukienda kupigwa picha unavaa nini? Nguo ya kulimia?"

"Hii si picha, koko."

"Umekuja na gari, umeandika jina la mama wa nyumba, umesema karatasi inakwenda serikalini. Nikupe maji machungu, wakubwa wayaonje huko waseme nyumba ya fulani inamnywesha mgeni magadi? Hata mama yako kule Umeruni asingekubali."

Nilimfikiria mama yangu, ambaye alikuwa na vikombe sita vya maua ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa mpaka alipofariki.

Kikao cha kupitisha mpango kilikuwa Alhamisi mjini. Jumatatu nilipanda tena, safari hii kwa bodaboda, kwa nauli yangu, bila taarifa kwa mwenyekiti, na chupa tisa kwenye begi. Nilikwenda moja kwa moja kwa koko, nikamwambia ninachotaka na kwa nini. Alinifanya nirudie mara mbili kwamba majina hayatasomwa ukumbini. Kisha akatoka nje, akawaita wenzake kwa sauti ambayo naamini ilifika Longido.

"Leo mpeni maji ya aibu," alisema.

Walinipa, wakicheka na kujificha nyuso kwa kanga. Mmoja aliniambia, "Onja basi, Mmeru, usiogope," nikaonja, na ulimi ukawa kama umelamba sabuni. Nilichota mwenyewe kutoka kwenye dumu la jikoni, kutoka kwenye sufuria ya maji ya uji, na moja nikaifuata mpaka kisimani. Kwa yule mama kijana nilichukua pia, nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza tangu mwanzo: ile siku ya kwanza alipika maharage? "Maharage?" alisema. "Ile siku tulikula loshoro." Loshoro ni mahindi na maziwa mgando. Haina magadi hata chembe.

Jumatano mchana nilipima. Chupa zote tisa zilikuwa mbaya. Zilizotoka kwenye madumu zilikuwa sawa kabisa na ile namba saba ya kwanza, ambayo nilikuwa bado nimeitunza kwenye friji, kwa sababu situpi sampuli hata niliyoikataa. Hiyo ni tabia niliyojifunza nikiosha vyombo, na ndiyo iliyoniokoa.

Nilimpelekea Profesa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Unajua ramani imeshachapwa," alisema.

"Ninajua."

"Na ile nadharia ya maji ya chini nimeshaiandikia makala."

"Ninajua, Profesa."

Alikaa. Alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua. "Punda," alisema mwenyewe. Kisha: "Utasema nini kesho?"

"Nitasema nilikosea."

"Sema tulikosea. Mimi ndiye niliyependa zile namba."

"Saini ni yangu," nilisema. Sikuwa ninamlinda. Nilitaka tu kosa liwe na mwenyewe, kama ambavyo sifa ningetaka iwe na mwenyewe.

Ukumbini karibu wote walikuwa na shahada mbili. Nilisimama na diploma yangu moja, nikaeleza kwa dakika sita: ndoo nyuma ya mlango, madumu manne kwa kila punda, chupa iliyokataliwa. Sikutaja jina la mtu. Baadhi walicheka niliposema maji ya mgeni, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliokumbuka nyumbani kwao. Mmoja wa wakubwa wa bonde aliinua mkono.

"Mtaalamu, kwa hiyo leo tuamini chupa zipi? Za kwanza au za pili? Na mwezi ujao utatuletea za tatu?"

"Amini ile ambayo mwenye nyumba alisikia aibu kuitoa," nilimjibu. Jibu hilo lilinitoka bila kupangwa, na nimelisikia likirudiwa na watu wasiojua ni la nani.

Alama ilibadilishwa ikawa nyekundu, kwa kalamu, mbele ya wote. Kisha mhandisi akasimama na kusema ukweli wake, ambao nao ulikuwa ukweli. Maji ya chemchemi yalikuwa yamekwisha kugawiwa vitongoji vya awamu ya kwanza; kuongeza kimoja ni kutoa kingine, na vyote hivyo ni vyekundu. Kitongoji changu kiliingizwa awamu ya pili. Kama ile chupa ya saba isingekataliwa, tungerudi kuuliza mapema, na kingekuwa cha kwanza kwenye orodha. Nililisema hilo pia, ili liandikwe kwenye muhtasari. Liliandikwa.

Yapo mambo mawili yaliyobadilika baada ya hapo, na nitayataja kwa sababu moja ni langu. Mwongozo wa kupima maji majumbani katika miradi ya mlima ule sasa unamtaka mpimaji afike bila taarifa, asikubali chai kwanza, na achote kwa mkono wake mwenyewe kutoka chombo cha jikoni. Aya hiyo niliiandika mimi, neno kwa neno. Haina jina langu. Jingine ni la koko.

Nilikwenda kumpa yule mama kijana habari za awamu ya pili. Alikuwa anapepeta mahindi, hakuacha.

"Awamu ya pili ni lini?"

"Fedha zikipatikana."

"Sijakuuliza fedha. Huyu anatambaa. Ni lini?"

"Sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno hilo katika kazi hii. Aliendelea kupepeta. Koko, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza, aliniuliza kitu kingine kabisa: dumu moja la maji ya msituni linamtosha mtoto mchanga kwa siku ngapi, kwa kunywa na kwa uji tu? Nilipiga hesabu. Nikamwambia. Akauliza mpaka umri gani. Nikamwambia mpaka miaka minane, zaidi ikiwezekana. Akahesabu kwa vidole punda na watoto.

Jumapili iliyofuata wanawake walikaa baada ya ibada, bila mwenyekiti na bila mimi. Walikubaliana kwamba maji ya punda ni ya watoto wadogo, wa nyumba zote, zenye punda na zisizo na punda. Mgeni atakunywa ya kisimani, na akikunja uso ataelezwa. Nimesikia kwamba mchungaji alikuwa wa kwanza kuelezwa.

Sasa ni mwaka wa nne. Bomba la awamu ya kwanza linatoa maji. La awamu ya pili ni rundo la mipira myeusi kando ya barabara, mbuzi wanalala juu yake. Punda bado wanapanda Jumamosi, sasa ni kila wiki. Mwezi uliopita nilipita pale na gari langu, jipya, nililolinunua mwenyewe, nikamkuta yule mtoto akikimbia uani. Miguu yake imenyooka, nilimtazama akienda na akirudi. Meno ni jambo jingine. Meno ya utotoni hayasemi mengi. Yale yanayosema hutoka mtoto akifika miaka sita au saba, na hakuna mashine, hata ya kule ughaibuni, inayoweza kulitoa jibu hilo mapema.

"Mwonyeshe mjomba meno," mama yake alimwambia.

Mtoto alinitazama, akakitazama kiatu changu, kisha akafumba mdomo kwa nguvu na kuuziba kwa mikono yote miwili.

"Hataki," mama yake alisema.

"Nitarudi," nilimwambia. "Ana miaka mitatu mingine."